Macho yanamuuma, lakini kaniapisha nisimwambie daktari

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia usiku. Mdogo wangu yuko chumba cha pili, taa zote nimezima kwa sababu mwanga unamchoma. Ana miaka 22. Huu ni mwezi wa nne tangu tuambiwe ana saratani ya damu, ile inayoitwa lukemia kali ya mieloidi. Wazazi wetu wameshatangulia mbele ya haki, tumebaki wawili, kwa hiyo ninayemuuguza ni mimi.

Ugonjwa wenyewe ulijitangaza kwenye macho. Alikuwa amekaa anasoma kwenye simu, akaniambia, "Dada, kioo cha simu kina doa." Nikakifuta kwa khanga. Akasema bado lipo. Nikakifuta tena, nikamrudishia, akafumba jicho moja, kisha jingine, akanyamaza. Doa halikuwa kwenye simu. Lilikuwa kwenye jicho lake la kushoto, katikati kabisa, kila anachokitazama kilikuwa na wingu jeusi. Wiki hiyohiyo fizi zikaanza kutoka damu, tukapimwa, tukalazwa. Daktari wa macho akaja hadi kitandani, akasema damu imevuja nyuma ya jicho na hakuna dawa ya kutia, itaondoka yenyewe damu yake ikitengemaa. Sikusema kitu, ila moyoni niliona tumepuuzwa.

Basi akapata tiba ya kwanza, dripu siku saba mfululizo. Akanyonyoka nywele, akapata homa, akapona. Walipompima uboho, ule wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, wakasema saratani haionekani. Nililia pale kwenye korido. Lile wingu nalo likafifia, limebaki kama kivuli pembeni.

Safari hii tumerudi kwa awamu ya pili. Dawa inaitwa saitarabini, dozi kubwa, asubuhi na usiku, siku ya kwanza, ya tatu na ya tano. Pamoja na dripu walikuwa wanamtia matone machoni kila baada ya saa sita, hata usiku wa manane muuguzi anamwamsha. Aliyachukia. "Macho yangu hayaumwi, matone ya nini?" Tuliporuhusiwa tulielekezwa tuendelee nayo siku kadhaa. Tukafika mlangoni nikakumbuka chupa imebaki kwenye kabati la pembeni ya kitanda. Nikataka kurudi. Akasema, "Iache, Dada, nimechoka." Nikaiacha.

Siku ya tatu nyumbani macho yote mawili yakawa mekundu kama yamepakwa rangi. Machozi yanamtiririka, anasema ni kama ana mchanga chini ya kope. Dirisha likifunguliwa anageukia ukutani na kujifunika kichwa. Nikasema nipige simu wodini. Akanishika mkono, akaniapisha. Anasema nikiwaambia, watasimamisha dawa, na dawa ikisimama saratani itarudi. Kuna kijana aliyekuwa kitanda cha jirani, dripu yake iliahirishwa wiki mbili, baadaye tukasikia amefariki. Hilo ndilo analolifikiria.

Nina chupa ya dawa ya macho niliyopewa mwaka jana mimi mwenyewe nilipougua macho mekundu. Imebaki nusu. Nimeishika mkononi tangu magharibi. Nimtie? Atapofuka? Na lile doa la kwanza lina uhusiano na haya? Na kiapo nilichokula, Shangazi, nikivunje?

Dada asiyelala

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Pole kwa mdogo wako, na pole kwako wewe unayemlinda gizani.

Barua yako sikuiweka kwenye foleni. Nilikujibu usiku uleule kwa mistari michache: chupa ya mwaka jana usiiguse, mpime joto sasa hivi, piga namba ya wodi mliyopewa, na mkifungua mlango asubuhi iwe ni kwenda hospitali. Ukaniandikia baada ya siku mbili kwamba mlikwenda, kwamba daktari alimtia tone la rangi ya njano, akamulika kwa mwanga wa buluu, akaona vidoa vingi vidogo vidogo vimetapakaa juu ya kioo cha jicho. Mkapewa matone ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, na machozi ya bandia, na hakuna aliyegusia kusimamisha tiba. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Leo nakujibu yaliyobaki, na najibu hapa hadharani kwa sababu nilifanya kazi ya uuguzi kwenye wodi ya saratani ya damu miaka mingi kabla ya kuandika safu hii, na najua mdogo wako si mgonjwa wa kwanza kuficha macho yake.

Nianze na matone, maana pale ndipo mambo yalipoharibikia, na nadhani mlielekezwa mtie bila kuelezwa kwa nini. Katika awamu ya kwanza mgonjwa hupewa saitarabini kiasi cha miligramu 100 hadi 200 kwa kila mita ya mraba ya mwili wake kwa siku. Katika awamu ya dozi kubwa ni gramu 1 hadi 3 kwa mita ya mraba, na hiyo ni kwa dripu moja tu. Hebu linganisha. Dawa ikiwa nyingi hivyo haibaki kwenye damu peke yake, inapenya hadi kwenye machozi. Kila anapopepesa, anajipaka dawa ya saratani juu ya jicho.

Na kazi ya dawa hiyo ni kuua seli zinazogawanyika. Haina macho ya kuchagua. Kioo cha mbele cha jicho, yaani konea, hujivua ngozi yake ya juu na kuvaa mpya kila baada ya siku 7 hadi 10, kwa hiyo seli zake za chini hazipumziki, zinagawanyika usiku na mchana. Saitarabini ikizikuta huko inazizuia. Ngozi kuukuu inadondoka, mpya haiji, yanabaki yale matundu madogo daktari aliyoyaona yaking'aa kwenye rangi. Konea imejaa neva za maumivu kuliko karibu kila sehemu ya mwili, ndiyo maana mdogo wako alisema mchanga. Hakuwa analegea wala kudeka.

Sasa tazama saa ya ugonjwa huu. Maumivu hayaji siku ya dripu. Mara nyingi huja karibu wiki moja tangu ianze, wakati mgonjwa ameshafika nyumbani na anaamini ya hospitali yameisha. Matone ya steroidi yanaanza kabla macho hayajauma na yanaendelea siku mbili tatu baada ya dripu ya mwisho ili kutuliza uvimbe wakati jicho linapambana. Ukiyaacha siku ya kuruhusiwa, umeyaacha siku yanapohitajika zaidi. Sikulaumu kwa ile chupa ya kabatini. Mgonjwa akisema "nimechoka" kwa sauti ile, hata mimi ningefunga mlango nikaondoka naye. Ila chupa ile ilitakiwa iwe mfukoni mwako kabla hamjashuka kitandani.

Je, atapofuka? Kwa haya ya konea, wagonjwa walio wengi hupona kabisa. Dawa ikishaondoka mwilini seli zinarudi kazini, na katika wiki moja hadi mbili jicho linatulia. Ataendelea kuona ukungu siku kadhaa, na taa zitakuwa na duara za mwanga, msishtuke. Mkiona maumivu yanazidi badala ya kupungua, au jicho moja linauma kuliko jingine, au linatoa usaha, rudini siku hiyohiyo bila kungoja miadi.

Na chupa yako ya mwaka jana, mwanangu, itupe. Kwanza dawa nyingi za macho zenye kihifadhi hutupwa wiki nne baada ya kufunguliwa, hata ikiwa imebaki nusu. Pili, hujui ina nini. Kama ni antibiotiki, haimsaidii jicho lililochomwa na dawa. Kama ina steroidi ndani yake, ungeweza kuitia kwenye jicho ambalo pengine lina kirusi cha malengelenge kimejificha, na steroidi humfungulia kirusi huyo mlango. Mtu mwenye seli nyeupe chache hana askari wa kumzuia. Steroidi ileile inayomtibu mdogo wako leo, akiitumia mwenyewe kwa miezi, humpandisha presha ya jicho na kumletea mtoto wa jicho. Kwa hiyo matone aliyopewa ayatie kwa siku alizoandikiwa, na siku ya kuacha ikifika aache.

Kuhusu kiapo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na najua wapo ndugu watakaokutumia msemo huo. Usimpelekee mdogo wako. Ameishi na neno kifo kwa miezi minne, halina jipya la kumfundisha. Yeye hakuficha kwa ujinga. Alipiga hesabu: macho nikaze meno, damu ndiyo yenye uhai wangu. Hesabu hiyo ni ya mtu jasiri, ila tarakimu alizopewa zilikuwa za uongo. Dripu za awamu kama hii huahirishwa mara nyingi kwa sababu hesabu ya damu haijapanda au mgonjwa ana homa, na kuahirisha huko kunamlinda asipigwe chini wakati mwili haujasimama. Macho mekundu baada ya saitarabini yanajulikana, yana dawa, na kwa kawaida awamu inayofuata inaendelea, labda kwa matone mengi zaidi au dozi iliyopunguzwa kidogo. Habari za kijana wa kitanda cha jirani si kipimo cha habari zake.

Lakini sitakudanganya. Ipo dalili moja inayoonekana machoni ambayo inawafanya madaktari waikate saitarabini papo hapo. Dozi kubwa inaweza kudhuru ile sehemu ya nyuma ya ubongo inayoongoza mizani ya mwili, hasa figo za mgonjwa zikiwa dhaifu. Macho yanaanza kuchezacheza yenyewe, yanaruka upande kwa upande bila mgonjwa kutaka, anayumba akitembea, ulimi unakuwa mzito. Unakumbuka wauguzi walikuwa wanamwomba aandike jina lake kabla ya kila dripu, na aguse pua kwa kidole? Haikuwa kumchosha. Nimewahi kushika karatasi ya mgonjwa ambaye jina lake la asubuhi lilikaa sawa kwenye mstari, la jioni likapanda na kushuka kama ngazi, herufi ya mwisho iko nje ya karatasi. Dripu ilikuwa imeshatundikwa. Hatukuifungua, tulimwita daktari. Ikikatwa mapema, wengi hurudi kuwa sawa. Ikiendelea, mtu anaweza kubaki anayumba maisha yake yote. Mgonjwa anayejizoesha kuficha macho yanayouma atakuja kuficha na haya, na hapo ndipo ninapoogopa.

Kwa hiyo ndiyo, kivunje, na umwambie kwamba umekivunja. Usikivunje nyuma ya mgongo wake. Mwambie: "Nilikuapia kwa sababu nakupenda, nimevunja kwa sababu hiyohiyo." Kisha wekeni ahadi mpya pamoja: kila dalili ya jicho inasemwa wodini siku inapoanza, na anayesema ni yeye mwenyewe, wewe umekaa pembeni. Ana miaka 22, mwili ni wake. Akisema mwenyewe hataona kama amechongewa.

Na anapopiga simu aseme mambo kwa mpangilio, maana anayepokea pengine hamjui. "Nina lukemia. Nimemaliza saitarabini ya dozi kubwa siku nne zilizopita. Macho yote mawili mekundu, yanauma, mwanga unanichoma. Joto langu 36.8. Naona vizuri ila kuna ukungu." Maneno hayo machache yanatosha muuguzi kujua kama mje sasa hivi au asubuhi. Ukisema tu "macho yanamuuma" unaweza kuambiwa uende duka la dawa.

Sasa nirudi kwenye lile doa la kwanza, ambalo ulihisi mlipuuzwa. Daktari yule hakuwapuuza, ingawa alistahili kukaa dakika tano zaidi na kuwaeleza. Nyuma ya jicho kuna utando unaoitwa retina, ndio unaopokea picha, na ni mahali pa nadra mwilini ambapo daktari anaweza kuitazama mishipa ya damu ikiwa hai bila kumpasua mtu. Tangu Hermann von Helmholtz alipotangaza kifaa chake cha kuchungulia ndani ya jicho mwaka 1851, madaktari walianza kuona mambo ya damu machoni, na haikupita miaka mingi mwenzake Richard Liebreich akaeleza retina za wagonjwa wa lukemia zilivyo. Zaidi ya karne moja na nusu iliyopita, yaani, walishajua jicho linasema habari za damu.

Lukemia inapojaza uboho, chembe sahani zinazogandisha damu zinapungua, seli nyekundu zinapungua, na wakati mwingine seli nyeupe za saratani zinajaa hadi damu inakuwa nzito. Mishipa myembamba ya retina inashindwa, inavuja. Mara nyingine daktari huona vidoa vyekundu vyenye kitovu cheupe, vinaitwa madoa ya Roth. Mtu mwingine havihisi kabisa kwa sababu vimekaa pembeni. Cha mdogo wako kilikaa katikati, pale tunaposomea, ndiyo maana alikiona kwenye kioo cha simu. Na ni kweli kwamba hakuna tone la kutia, kwa sababu tone la juu ya jicho haliendi kuziba mshipa wa nyuma. Dawa yake ilikuwa dripu zilezile za siku saba na chembe sahani alizoongezewa. Damu ikitengemaa, ile iliyovuja hunyonywa polepole, kwa wiki au miezi. Kufifia kwake ni ushahidi kwamba tiba ilifanya kazi.

Kile kivuli kilichobaki pembeni, hata hivyo, kinahitaji kutazamwa tena. Ombeni aangaliwe retina baada ya kutanuliwa mboni, kabla ya awamu ijayo kuanza. Kama ni masalia ya damu, yataandikwa na kufuatiliwa. Kama kuna kingine, kijulikane mapema. Msiende kununua miwani kwa sasa. Mboni ikiwa imetanuliwa, au mgonjwa yuko kwenye steroidi za vidonge na sukari imepanda, namba ya miwani inakuwa ya siku hiyo tu.

Kingine hicho ni nini? Nitakisema kwa sababu mgonjwa wa lukemia na anayemuuguza wana haki ya kukijua. Jicho na ubongo vina ukuta unaochuja kinachotoka kwenye damu, na ukuta huo unazuia pia sehemu ya dawa. Seli za saratani zinaweza kujificha nyuma yake, hasa katika lukemia kali ya limfu inayowapata watoto wengi. Zikivamia mshipa wa fahamu wa jicho, mgonjwa anaona giza linaingia kwa siku au hata kwa saa, rangi zinapauka, nyekundu inakuwa kama imefuliwa mara mia. Hilo ni la dharura. Linahitaji picha ya kichwa, maji ya uti wa mgongo, dawa ya kuchoma mgongoni, wakati mwingine mionzi, na kila siku inayopotea inaondoka na sehemu ya uoni. Zikikaa mbele ya jicho, unaweza kuona utando mweupe umetuama chini ya ile sehemu yenye rangi, kama maziwa chini ya glasi, na jicho jekundu. Wapo waliogundulika saratani imerudi kwa jicho tu, wakati damu bado inaonekana safi.

Halafu maambukizi. Seli nyeupe zikiwa chini, fangasi wa puani anaweza kupanda hadi kwenye tundu la jicho. Uso unavimba upande mmoja, jicho linasukumwa nje, anaona vitu viwili viwili, puani au kwenye paa la mdomo panakuwa peusi. Usingoje asubuhi kwa hayo, nenda usiku huo. Vilevile mkanda wa jeshi ukitokea kwenye paji la uso, na zaidi lengelenge likionekana kwenye ncha ya pua, jicho liko hatarini. Na joto likifika 38, hata macho yakiwa meupe pee, ni hospitali.

Nimepokea barua nyingine zinazogusa haya, nizijibu hapahapa kwa ufupi. Mama ambaye mwanawe kope zimelegea hadi anainua kichwa ili aone: inawezekana ni vinkristini, dawa ya saratani ambayo hudhoofisha neva, na zipo dawa za fangasi zinazoifanya kali zaidi. Mwambie daktari vidonge vyote anavyomeza. Baba anayetumia imatinibu, vidonge vya lukemia, na anaamka macho yamevimba kama aliyelia usiku kucha: ni kawaida ya dawa hiyo, usiiache bila kuongea na daktari wako, maana ndiyo inayokushikilia. Binti aliyepandikizwa uboho na sasa macho ni makavu hadi hawezi kutoa chozi akilia: huo unaweza kuwa uboho mgeni unashambulia tezi zako za machozi. Usiishi na machozi ya bandia ya dukani tu. Kuna tiba, zikiwemo matone yanayotengenezwa kwa damu yako mwenyewe na lenzi maalumu zinazofunika jicho kwa maji. Na anayeona taa zinamulikamulika na rangi zimebadilika nusu saa baada ya kunywa vorikonazoli, dawa ya fangasi: huwa zinapita zenyewe, ila usiendeshe gari wakati huo, na daktari ajue.

Kwa mdogo wako nyumbani, fanya hivi. Kila asubuhi akishaamka afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, asome mstari uleule wa ukurasa uleule, kitabu kikiwa mbali vilevile, kisha ahamie jicho la pili. Aitazame fremu ya mlango, imenyooka au imepinda? Inachukua dakika moja. Macho mawili yakiwa wazi, zima humfichia siri bovu, ndiyo maana mdogo wako aligundua doa pale alipofumba moja. Andika kwenye daftari alichokiona, na tarehe.

Wakati wa kutia matone nawa mikono, vuta kope ya chini ifanye kijaruba, tone moja linatosha, ncha ya chupa isiguse kope. Afumbe, abonyeze taratibu kwa kidole ile kona ya jicho kando ya pua kwa dakika moja au mbili, dawa isikimbilie kooni. Kama ni matone ya aina mbili, subiri dakika tano hadi kumi kati yake. Kitambaa safi chenye maji baridi yaliyochemshwa juu ya macho yaliyofumbwa kinapunguza moto. Asifikiche, chembe sahani zikiwa chini kufikicha tu kunaweza kumwaga damu kwenye weupe wa jicho. Lenzi za kuvaa ndani ya jicho aziweke kando hadi daktari aseme. Miwani myeusi avae hata ndani ya nyumba, na wewe ruhusu pazia lifunguke kidogo kidogo. Mchana akae na mwanga anaouweza, usimwache gizani siku nzima peke yake na mawazo.

Umeniambia awamu inayofuata ni wiki ya nne kuanzia sasa. Siku ya kulazwa, kabla ya kanula kuingia, mwulize muuguzi matone yanaanza saa ngapi. Yanatakiwa yawe yameanza kabla ya dripu ya kwanza. Mweleze kilichotokea safari hii, hata kama kimeandikwa kwenye faili. Na asubuhi ya kuruhusiwa omba chupa uishike mkononi, mwombe aandike juu yake kwa kalamu tarehe ya tone la mwisho, ndipo umwambie mdogo wako avae viatu.

Shangazi